Lazima na Si Lazima

Leo nataka kuwaeleza habari ya kosa langu mwenyewe, nililolifanya kwa chaki ubaoni, wala sikulijua mpaka lilipomletea mwingine maumivu. Wazee husema, heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi. Mimi nilijikwaa ulimi, na vidole vilivyoumia havikuwa vyangu.

Shule yangu iko karibu na Mwadui, katika nchi ya Shinyanga, mahali ambapo Dakta John Williamson, mtu wa Kanada, alivumbua almasi mwaka 1940. Tangu siku zile watu wa huku wameyaona maneno ya Kiingereza malangoni, katika vibao na juu ya mitambo. Watoto wetu husema Kisukuma nyumbani na Kiswahili shuleni; Kiingereza kwao ni lugha ya tatu, na wengi hukipata kwa kinywa cha mwalimu tu. Basi mwalimu akipotoka, nao hupotoka pamoja naye.

Mwaka wangu wa kwanza wa kufundisha niliandika ubaoni ya kuwa "must" maana yake ni lazima. Hilo ni kweli. Mtoto mmoja akauliza, "Mwalimu, na 'must not' je?" Sikufikiri. Nilijua "not" ni neno la kukanusha, nikajibu upesi, "Ni si lazima." Wakaandika wote.

Miaka ikapita. Kijana mmoja katika wale alipata kazi katika karakana ya mbali, nisiyotaka kuitaja. Mashine yake ilikuwa na kifuniko, na juu ya kifuniko maandishi ya Kiingereza ya kukataza kisiondolewe wakati mashine inapozunguka, kwa neno lile lile "must not". Yeye akasoma: si lazima kukiondoa. Akadhani ameachiwa hiari yake. Siku moja mashine ilisongwa na takataka, akakiondoa kifuniko, akatia mkono, na ncha za vidole viwili zikakatwa.

Nilipokwenda kumtazama kwao, mama yake alinikaribisha kwa heshima, akaniletea kiti na chai. Kijana akanieleza habari yote pasipo kumlaumu mtu. Kisha akaleta daftari lake la zamani, anionyeshe ya kuwa hakuyasahau masomo. Nikalifungua. Palikuwa na maneno haya: "must not", si lazima, na kando yake alama ya vema kwa wino mwekundu, kwa mkono wangu mwenyewe. Ile chai sikuweza kuimeza.

Usiku ule nilifungua vitabu vya sarufi, nikajifunza yaliyonipasa kuyajua zamani. Katika Kiswahili, tukiweka "si" mbele ya "lazima", twauondoa ule ulazima. "Si lazima uje" ni kusema, ukipenda njoo, usipopenda kaa. Lakini katika Kiingereza neno "not" likifuata "must" haliugusi ulazima, lagusa tendo. Ulazima wabaki mzima, na tendo ndilo linalokatazwa: ni lazima usifanye. Mwingereza akitaka kusema si lazima, husema "need not", au "do not have to". Hapo ndipo penye mtego. Maneno "must" na "have to" hukaribiana kama ndugu, lakini yakikanushwa hutengana kama usiku na mchana.

Tena "must" halina umbo lake la kusema ya jana. Mtu aliyelazimika jana husema "had to". "Should" ni neno la shauri, kama sisi tusemavyo yafaa. Na "ought to" ni neno la wajibu. Nilistaajabu kusoma ya kuwa "ought" hapo kale lilitoka katika neno "owe", ndiyo kuwiwa. Basi Mwingereza asemapo "I ought to", ndani yake mna deni, ingawa mwenyewe halikumbuki.

Neno hilo la deni halikuniacha nilale. Hapakuwa na mtu wa kuniambia "you must". Kijana hakunidai, wala mama yake hakunidai, maana hawakujua. Kwa macho ya watu haikuwa lazima niseme neno. Lakini nilikuwa nawiwa.

Asubuhi nikarudi, nikaketi mbele yao, nikasema, "Mama, kosa lililo katika daftari hili ni langu, si la mwanao." Mama alinyamaza kitambo, akiutazama mkono wa mwanawe. Kisha akasema, "Haya, Mwalimu. Basi hawa wadogo wafundishe vema." Hakuongeza neno la kunilaumu wala la kunisamehe.

Sasa sifundishi "must not" peke yake. Mtoto husimama mlangoni, mwenzake humwambia, "You must not go," na darasa hujibu, "Usiende!" Kisha humwambia, "You need not go," nao hujibu, "Si lazima uende!" Hucheka sana, lakini hawasahau. Na mtoto akiniuliza nisilolijua, husema, "Ningojeeni hata kesho, nikatazame."

Walimu wenzangu, si lazima mwalimu ajue kila neno. Lakini asilolijua, asilifundishe.