Silinda Tano Hadi Newala

Mwaka 1984 nilikuwa kijana wa spana katika gereji ya mjomba wangu, mjini Masasi. Msimu wa korosho ulikuwa umeanza. Scania moja, katika zile zilizounganishwa Kibaha, ilikwama kwenye mlima wa kuingia Newala ikiwa imebeba sukari na magunia matupu. Bomba la nozo lilikuwa limepasuka, na la akiba halikuwepo.

Mjomba hakupaza sauti. Alilegeza nati kwenye pampu, akaondoa bomba bovu, akafunga kipande cha mpira ili dizeli ya silinda ile imwagike ndani ya dumu. “Washa, mwanangu,” akamwambia dereva. Lori lilitetemeka lote, likatoa moshi, likapanda kwa silinda tano.

Liliweza kwa sababu ya pampu ya mstari, aina ambayo kampuni ya Bosch ilianza kuitengeneza kwa wingi mwaka 1927. Kila silinda ina plunja yake, inayosukumwa na kemu yake. Moja ikifa, nyingine zinaendelea na kazi. Isitoshe, kemu hizo huoga oili, kwa hiyo dizeli chafu huchelewa kuiua pampu.

Land Rover za dizeli zilikuwa na tabia nyingine. Pampu yao ya mzunguko, ya CAV, ilikuwa ndogo na nyepesi: jozi moja ya plunja na rota moja ikigawa mafuta kwa silinda zote nne. Niliipenda kwa ubunifu wake, lakini sehemu zake za ndani zililainishwa na dizeli peke yake. Miaka ile dizeli ilitufikia kwa mapipa na madumu, mara nyingi ikiwa na maji au imechanganywa mafuta ya taa. Rota ikikwaruzika, silinda zote zinanyimwa kwa pamoja. Basi unangoja pampu kutoka Dar es Salaam, na masika ikikolea unangoja zaidi, maana mto Rufiji haukuwa na daraja mpaka 2003. Nimeona gari la wagonjwa limekaa juu ya mawe kwa ajili ya kipuri kinachoenea kiganjani.

Injini za komonreli zilipofika, mafundi wengi wa rika langu walizichukia. Mimi sikubaliani nao. Pampu inajaza reli moja kwa presha kubwa, kompyuta inaamua kila nozo ifunguke lini na kwa muda gani, hata mara kadhaa katika pigo moja. Gari linapanda Newala bila moshi na linakula mafuta kidogo. Kinachoziua ni uchafu, na tangu mamlaka ya udhibiti wa nishati, EWURA, ilipoanza kuweka vinasaba vya kutambua uchakachuaji kwenye mafuta mwaka 2010, ule mchezo wa mafuta ya taa umekuwa mgumu.

Ila zinadai mkono mwingine. Nozo za lori lile tulizipima zifunguke kwa baa 200 hivi. Komonreli za kwanza za Bosch, za mwaka 1997, zilifika 1,350. Mjomba alitafuta silinda iliyokufa kwa kulegeza nati za mabomba moja moja, injini ikinguruma. Ukifanya hivyo kwenye komonreli, dizeli inapenya ngozi, na mtu anaweza kukatwa mkono. Vijana wangu nawaambia siku ya kwanza: zima injini, subiri presha ishuke, ndipo uguse nati.