Kamera Mtini Yamweka Mjomba Njia Panda

Huku kwetu Eastlands ukitaja kamera, akili hukimbilia zile zilizotundikwa juu ya lango la ploti au dirisha la duka la M-Pesa ili mwizi ajulikane. Sikujua kuwa porini nako zimo hadi binamu yangu alipopata kazi ya doria katika ranchi moja upande wa vilima vya Chyulu.

Kila Jumapili humtumia baba yake picha kwa simu. Baba yake ndiye mjomba wangu, mzee wa miaka 78 aliyestaafu kazi ya reli na ambaye sasa anaishi Umoja. Televisheni haimshughulishi. Mpe picha ya digidigi iliyopigwa saa tisa usiku, ataikodolea macho mpaka chai ipoe.

Kamera yenyewe ni kijisanduku kinachofungwa mtini, kimo cha goti hivi. Mnyama akipita mbele yake, joto na mwendo wake huiamsha, nayo hupiga picha na kuandika saa na tarehe. Usiku hutumia mwanga ambao jicho la binadamu halioni. Usipofyeka nyasi mbele yake itakujazia kadi picha za majani yakitikisika, hata mnyama mmoja usimwone.

Waanzilishi ni Wamarekani. Miaka ya 1890 mmoja wao, George Shiras, alinasa kulungu wa kwao usiku kwa kamba iliyofyatua kamera mnyama alipoigusa, na mwaka wa 1906 jarida la National Geographic likazichapa picha zake. Leo wawindaji wa huko hufunga kamera wiki nyingi kabla ya msimu kufunguliwa, wajue dume lenye pembe kubwa hupita wapi na saa ngapi. (Kumradhi, nasema kulungu kwa kukosa neno. Huyo wao huangusha pembe kila mwaka na kuota nyingine, jambo ambalo kulungu wetu hafanyi.)

Kwetu hakuna msimu. Uwindaji ulipigwa marufuku mwaka wa 1977, na kamera hizi husaidia kuhesabu waliobaki. Katika misitu ya Aberdare na Eburu ndizo huwaonyesha watafiti bongo wa milimani, ambao wanakadiriwa kuwa chini ya 100 porini. Kila bongo hujulikana kwa michirizi yake, kama mtu kwa alama za vidole.

Nilipomweleza Mjomba haya alicheka. "Mpwa wangu, sisi tulikuwa na kamera kabla ya hao."

Jioni, akasema, walifagia kijia cha wanyama kwa tawi hadi vumbi likalala laini. Alfajiri waliusoma mchanga: kwato za nani, ana uzito gani, alipita kabla ya umande au baada. Hapo ndipo walipojua pa kujibanza na upinde. Hata kabla ya 1977 serikali haikuupenda uwindaji huo, lakini ndio uliowalisha wakati wa ukame.

Basi Agosti iliyopita ikaja picha isiyo ya mnyama. Mtu alikuwa amepita saa kumi na dakika arobaini alfajiri, kofia ameivuta machoni, begani kitita cha nyaya za kutegea. Binamu aliuliza kama kuna anayemjua.

Mjomba aliikuza picha kwa vidole. Uso haukuonekana, ila mguu wa kushoto ulikanyaga kwa ukingo wa nje. Akaiweka simu mezani. "Huyu ni mtoto wa marehemu ndugu yangu," akasema. Ni yeye Mjomba aliyemlipia karo.

Sheria ya Wanyamapori ya 2013 haikuja na mzaha kwa anayewinda nyama ya kuuza. Binamu akinyamaza, kazi yake imo hatarini. Akisema, ukoo mzima utamnunia. Mke wa Mjomba alitaka picha ifutwe mara moja, kwani damu ni damu. Mimi niliona binamu aseme. Ni rahisi kuona hivyo ukiwa Umoja na kikombe cha chai mkononi.

Mjomba hakumjibu yeyote kati yetu. Jumatatu alfajiri alipanda basi la Kibwezi, na fimbo yake.

Aliyozungumza na kijana huyo hajaniambia hadi leo. Ninachojua ni kwamba kijana alikwenda mwenyewe ofisini kwa kina binamu, akaandikisha taarifa, kisha kwa siku tatu akawaonyesha askari alikotega. Walitoa mitego 31. Mmoja ulikuwa na mguu wa swara, mguu tu. Angali anasubiri kuitwa.

Jumapili iliyofuata picha zilikuja kama kawaida. Mojawapo ilikuwa ya saa kumi na mbili na dakika nane asubuhi: askari wawili, kijana nyuma yao na gunia mgongoni, na mbele kabisa mzee ameinama, fimbo kwapani, anausoma mchanga.