Nanga Hushushwa Mwisho

Kazi yangu ni kutega vipimo kwenye vilindi vya Atlantiki, kisha kurudi kuvitegua. Tunafuata mstari wa latitudo 26.5 kaskazini, kutoka Bahama hadi upande wa Afrika Kaskazini-Magharibi, ambako mradi wa RAPID umekuwa ukipima mzunguko wa bahari hiyo tangu mwaka 2004. Maji yenye joto huenda kaskazini yakiwa juu, hupoa, huwa mazito, huzama, kisha hurudi kusini kwa chini. Baadhi ya maji hayo ya juu yametoka Bahari ya Hindi na kuizunguka ncha ya kusini ya Afrika. Kwa wastani, mzunguko huo hubeba takribani mita za ujazo milioni 17 kila sekunde.

Hakuna chombo kinachoweza kupima yote hayo kwa mkupuo, kwa hiyo tunapima kingo za bahari. Kwa kuwa dunia inazunguka, tofauti ya uzito wa maji kati ya magharibi na mashariki hutuonyesha ni kiasi gani kinapita katikati. Katika mlangobahari wa Florida, kazi hiyo ilianza kufanywa mwaka 1982 kwa waya wa simu uliolazwa chini ya bahari: maji ya chumvi yakipita ndani ya usumaku wa dunia huzalisha umeme kidogo, nao ukisomwa unaonyesha kiasi cha maji yanayopita.

Mtego wetu ni waya mrefu unaosimama wima ndani ya maji, mahali pengine kwenye kina cha zaidi ya mita 4,000. Chini kuna nanga, juu kuna maboya, na katikati vimefungwa vihisi vya joto, chumvi na mgandamizo. Vihisi hivyo tunavijaribu baharini kabla ya kuvitega na tena baada ya kuvitoa, kwa sababu kosa la sehemu chache za elfu za digrii moja ya joto linatosha kuharibu hesabu.

Tunaanza na boya la juu. Meli hutambaa, boya likaelea nyuma ya tezi, na winchi ikaachia waya taratibu. Penye alama winchi husimama: fundi mmoja hufunga kihisi, wa pili husoma namba yake kwa sauti, wa tatu huiandika. Hivyo hivyo kwa saa kadhaa. Mtu haweki mguu ndani ya kamba iliyojikunja, hata awe mzoefu namna gani. Nanga, chuma kizito kinachopita tani moja, hushushwa mwisho, tena baada ya meli kuipita alama, maana ikizama huvutwa nyuma na waya wake. Maboya hukimbia juu ya maji kuifuata, kisha hupotea. Meli husimama sehemu tatu, ikaulizia kwa mawimbi ya sauti mahali nanga ilipotua.

Mtego huo hautumi habari. Kila kitu hubaki ndani ya vihisi hadi turudi, mwaka mmoja na nusu hivi baadaye, tukiamuru kwa sauti kifyatuo kiiachie nanga. Tunafunga vifyatuo viwili, kimoja kikikataa kingine kifanye kazi. Hata hivyo, waya ukikatwa na zana za wavuvi, vipimo vya muda wote huo vinaweza kupotea.

Kwa nini tusipite na meli mara moja moja tukapima? Njia hiyo ilijaribiwa. Mwaka 2005 wanasayansi walilinganisha safari tano za kati ya 1957 na 2004, wakaona mzunguko umepungua kwa asilimia 30 hivi. Mitego ikaonyesha kwamba ndani ya mwaka mmoja tu mzunguko ulishuka hadi mita za ujazo milioni 4 kwa sekunde na kupanda hadi milioni 35. Anayeitazama pwani mara tano anaweza kukuta maji yamekupwa mara zote, akaapa kwamba bahari inakauka. Mwaka 2009 na 2010 mzunguko ulipungua kweli kwa takribani asilimia 30, na tuliuona kwa sababu vihisi vilikuwa tayari majini.

Wanasayansi wanatarajia mzunguko huu udhoofike katika karne hii kadiri dunia inavyopata joto. Ukisikia habari zake, uliza kwanza: umepimwa mfululizo kwa miaka mingapi? Na wenye mafungu ya fedha waelewe kwamba mwaka usiopimwa hauwezi kupimwa baadaye.