Gari la Jeneza na Kosa la Katibu



Msikiti wetu hapa Nguvumali una basi dogo la petroli la kubebea majeneza. Mwaka jana, katika joto la kaskazi, basi hilo lilianza tabia ya ajabu. Asubuhi liliwaka mara moja na kwenda vizuri. Ikifika adhuhuri lilikosa nguvu, likasitasita, kisha likazima. Likipumzishwa nusu saa kivulini, liliwaka tena kana kwamba halikuwa na lolote.

Kamati ikakutana. Mimi ndiye niliyeandika kumbukumbu za kikao kile, na nilichokiandika hakikuwa ugonjwa wa gari bali tuhuma juu ya mtu. Mjumbe mmoja alisema dereva anauza petroli na kujazia mafuta ya taa. Mwingine akasema naye amesikia hivyo. Hakuna aliyeona kwa macho yake, na dereva mwenyewe, mzee aliyetutumikia kwa miaka 11, hakuitwa ajieleze. Nami nikapendekeza dawa: tenki lisijazwe tena, kila safari apimiwe lita za kwenda na kurudi tu, zisizidi. Likapitishwa kwa kauli moja. Tangu hapo gari likazidi kuzima, nasi tukauhesabu huo kuwa ushahidi zaidi.

Siku moja ya Februari, baada ya swala ya adhuhuri, tulikuwa tukipeleka maiti Muheza kuzikwa. Tulipokwisha kuipita Pongwe, gari likapungua mwendo na kuzima kando ya barabara. Sote tunajua tulivyohimizwa kuharakisha jeneza. Tulisimama juani mpaka akapatikana msamaria mwenye pikapu, tukalihamisha jeneza mikononi mwetu. Mtoto wa marehemu aliniambia maneno machache tu: "Katibu, baba amechelewa." Kwa aibu na hasira nikamgeukia dereva mbele ya watu wote: "Mzee, mafuta ya msikiti yatakuumbua." Hakunijibu. Aliinama, akafungua boneti, kisha akampigia simu fundi.

Wenzangu wakaendelea na maziko. Mimi nikabaki na gari. Fundi alifika kwa pikipiki injini ikiwa bado ya moto. "Mara tatu mmeniletea gari hili asubuhi, nami nikaliona zima," alisema. "Homa ya usiku haipimwi mchana. Leo nimeikuta."

Akaanza kazi kwa utaratibu. Geji ya joto ilikuwa mahali pake, feni inazunguka, na maji ya rejeta yametimia. Basi gari halikuchemsha. Akachomoa plagi moja, akaijaribu. Ikatoa cheche nzuri. Kwa hiyo koili haikuwa na kosa, wala sensa ya kranki, ambayo nayo ikipata joto huweza kuzima injini namna hiyo hiyo. Akachota petroli kidogo, akajipaka mkononi. Ikakauka upesi bila kuacha utelezi, na harufu ya mafuta ya taa haikuwamo. Nilipoona hivyo moyo ulinidunda. Mwisho akafunga kipimo kwenye bomba la mafuta. Msukumo ulikuwa hafifu mno, ingawa umeme ulifika kwenye pampu sawasawa.

"Pampu imechoka," alisema. "Hii hukaa ndani ya tenki, na petroli inayoizunguka ndiyo inayoipoza. Nani kawaambia muendeshe gari na tenki karibu tupu?"

Nilikosa la kumjibu. Ubovu huenda ulianza wenyewe, lakini azimio langu ndilo lililouchochea. Tulimshuku mzee, tukambania mafuta. Ubanaji ukaizidishia pampu joto, na joto likazidi kumpaka mzee tope.

Chuoni nilisoma tafsiri ya aya ya 6 ya Suratul Hujurat, inayotutaka kuhakikisha habari kabla ya kumdhuru mtu. Niliijibia mtihani nikafaulu. Kando ya barabara ya Muheza nilifeli.

Pampu ilibadilishwa pamoja na chujio lake, na tangu hapo gari halijazima. Usiku ule, baada ya Isha, nilikwenda nyumbani kwa mzee kumwomba radhi. Akanikaribisha kahawa. "Nimekusamehe, mwanangu," alisema, "lakini ufunguo mpeni mwingine." Nilimsihi sana, asikubali. Kwa kuwa nilimtuhumu hadharani, Ijumaa iliyofuata nilisimama baada ya swala nikamsafisha hadharani, na kumbukumbu za kikao nikazisahihisha. Hata hivyo, leo gari linaendeshwa na kijana.

Wenye magari, shikeni haya. Gari linalozima kwa joto lipelekeni kwa fundi wakati wa joto, na mweleze saa lilipozima na muda lililopumzika. Tenki lisishuke chini ya robo. Sindano ya joto ikipanda, simameni, wala msifungue kifuniko cha rejeta kabla injini haijapoa. Na kabla ya kutaja jina la mtu, lifungueni boneti kwanza.

Wabillahi tawfiq.