Kidole Kimoja na Chawa wa Kompyuta

Wahenga walinena kwamba kidole kimoja hakivunji chawa. Mwanafunzi mmoja wa uzamili, mzaliwa wa Nyansiongo katika kaunti ya Nyamira, aliitumia methali hiyo katika insha tangu shule ya msingi. Hata hivyo, maana yake ilimkaa barabara siku alipochomeka flashi katika kompyuta ya saiba moja sokoni. Sura 3 za tasnifu yake hazikuonekana. Pamebaki njia za mkato zisizofungua chochote.

"Programu yangu inasema flashi hii ni safi," mwenye saiba alimhakikishia.

Programu haikusema uongo, haikujua tu. Injini ya kuchunguza virusi hulinganisha faili na alama za virusi inavyovifahamu, au hukisia kutokana na mwenendo wa faili. Kila kampuni hukusanya maarifa yake, kwa hiyo kinachoipita moja huenda kikanaswa na nyingine. Ndiyo sababu F-Secure ya Finland na G Data ya Ujerumani ziliwahi kuunganisha injini zao na za kampuni nyingine. VirusTotal, huduma iliyoanzishwa Uhispania mwaka 2004 na kununuliwa na Google mwaka 2012, hupitisha faili moja mbele ya injini zaidi ya 70.

Kwa bahati, programu ya pili, katika kompyuta nyingine, iliwatambua chawa hao. Sura hazikuwa zimefutwa, bali zimefichwa.

Jioni alimsimulia mamaye, mkulima wa chai.

"Mwanangu, hata majani yetu hukaguliwa na karani kituoni, kisha kiwandani tena," mama alisema. "Linalompita huyu, yule huliona."

"Basi wakaguzi wakiwa wengi ndivyo bora, mama?"

"La. Wengine hukataa hata majani mazuri."

Mama, asiyewahi kugusa kompyuta, aligonga ndipo. Kadiri injini zinavyoongezeka, ndivyo faili zisizo na hatia zinavyozidi kushukiwa, na ndivyo kompyuta inavyozidi kulemewa. Fauka ya hayo, programu mbili kamili zikilinda kompyuta moja kwa wakati mmoja, huweza kugombea faili ile ile, hata kushukiana zenyewe. Heri injini kadhaa chini ya usimamizi mmoja. Tena faili inayopelekwa VirusTotal hufikishwa kwa wachunguzi wengine. Tasnifu ambayo haijawasilishwa haifai kupelekwa huko. Mashine hupiga kura, lakini uamuzi hubaki kwa mtu.

Kabla ya kurejea chuoni, mwanafunzi alinakili sura zake katika flashi mpya, akamkabidhi mama. Mama hakuuliza mengi. Aliifunga kwa kitambaa, akaiweka sandukuni, pamoja na stakabadhi zake za chai.