Barua ya Padre na Chumvi ya Ivuna



Juma hili mama mmoja wa hapa Ivuna alitujia pamoja na bintiye aliyehitimu kidato cha nne. Binti anaomba nafasi UWC East Africa, shule ya kimataifa iliyoanzishwa Moshi mwaka 1969, ikajiunga na shule za UWC mwaka 2019. Wapo wanafunzi wanaosomeshwa huko kwa ufadhili. Pasipo huo, ada hawaiwezi.

Mama alitusihi tuandike kwamba binti ni kiongozi wa vijana parokiani. Sivyo. Tulisita, kwa kuwa zamani tuliwahi kuandika barua ya namna hiyo kwa huruma. Kijana alipata nafasi, lakini hadi leo hukwepa macho yetu.

Tukasoma insha ya binti. Ilijaa maneno makubwa, Ivuna haikutajwa.

“Mwanangu, Jumamosi hufanya nini?”

Akainama. “Padre, namsaidia mama kuchemsha chumvi.”

Kazi hiyo ilikuwapo hapa zaidi ya miaka 600 iliyopita, naye aliionea haya! Tukamwambia aiandike: namna ya kuchuja maji, kuni, moshi, bei. Nasi tukaandika tuliyoyaona: huwahi Misa, husema kweli.

Mama aliaga bila kuridhika. Huenda nafasi ikakosekana, nasi tutalaumiwa. Wazazi wapendwa, mkijia barua, njoni na mtoto mliye naye. Huyo twamfahamu, na kwa huyo tutaandika kwa furaha.

Tumwombee binti huyu. Amani ya Bwana iwe nanyi.