Mtu Mmoja, Vikundi Viwili

Nimekuwa kimya wiki mbili, jamani. Nilikuwa nikibomoa nilichojenga mwenyewe.

Programu yangu huria ya hesabu za vikundi hapa Sagana, inayokaa kwenye seva ya mbali, ilikuwa na jedwali la watumiaji lenye safu moja ya kikundi. Safi kabisa, nikajisifu! Kisha akaja mama mmoja: mwanachama wa ushirika wa kahawa, tena mweka hazina wa chama cha akina mama. Nikamfungulia akaunti mbili. Siku moja akaingiza malipo ya kahawa upande wa chama, tukashinda tukitafuta pesa za watu.

Dawa yake ni jedwali la tatu, la uanachama: mtu, kikundi, wadhifa, tarehe ya kuanza na ya kuisha. Nenosiri ni la mtu. Ruhusa ni ya uanachama.

Hizo tarehe msizidharau. DHIS2, programu huria ya Chuo Kikuu cha Oslo, ilienea Kenya nzima kwa takwimu za afya mwaka 2011. Mwaka 2013 kaunti 47 zikaanza kazi, na mti wa vituo ukabidi upangwe upya. Humo kila kituo kina mzazi mmoja tu, pamoja na tarehe za kufunguliwa na kufungwa.

Kwangu kumebaki kuunganisha akaunti mbili za yule mama. Zote zina malipo.